Kapkeki za Chumvi Nilizomwandalia Mama Yako

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia mbele za watu makusudi. Jina lako silitaji, maana kwenu Uyole, Mbeya, wanakujua na hapa Iringa wapo wanaokutafuta, lakini wewe utajijua kuanzia mstari huu. Miaka miwili nimekuwa nikikuandikia ujumbe kwenye simu na kuufuta. Naandika "habari yako," nafuta. Naandika "hivi wewe ni mtu wa namna gani," nafuta. Leo sifuti kitu. Aibu nilivishwa hadharani, na jibu langu litatoka hadharani.

Kabla hujaanza kumpigia simu dada yangu kulalamika, jua kwamba habari za mama yako nitakazoziandika humu nimepewa ruhusa na mwenyewe. Ameniambia, "Andika, mwanangu. Nimechoka kuficha." Kwa hiyo tulia usome.

Unaikumbuka Jumamosi ile kwa Bi Zuhura? Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Iringa imeingia mpaka kwenye mifupa, mimi nimevaa sweta mbili, wewe umeshuka kutoka Mbeya na shati la mikono mifupi. Unasema baridi hii si kitu, ya kwenu ni kali zaidi. Huku meno yanagongana! Nikakuvua uongo wako kwa kukufunga skafu yangu ya zambarau shingoni, na Bi Zuhura alipotuona mlangoni mwa bekari yake akauliza, "Karibuni maharusi. Sasa hapa bibi harusi ni yupi?" Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimekujulisha kwake. Wazee wake Bi Zuhura walipanda huku na biashara zao kutoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapa hapa mjini na anakusalimia "kamwene" vizuri kuliko Wahehe wa siku hizi, mimi nikiwemo. Mjini hapa hakuna anayeoka kama yeye. Na wakati ule ndiyo alikuwa ameanza mtindo wa kapkeki za aina mbili, za sukari na za chumvi, watu wanakuja kushangaa tu. Keki ya chumvi! Baba yangu alipoambiwa alisema dunia imefika mwisho.

Tulikwenda kuonja na kuchagua keki za send-off yangu. Bi Zuhura alitupangia kwenye meza ya pembeni sinia mbili. Ya kwanza ina za sukari: ndizi na mdalasini, karoti, limau, na ile ya majani ya chai na tangawizi. Ya pili ina za chumvi: jibini na kitunguu, nyama ya kusaga, mchicha, na kuku mwenye pilipili kichaa. Kila moja akaikata nusu kwa kisu, akatuwekea glasi za maji ya uvuguvugu tusukutue midomo, akasimama na mikono kiunoni.

"Sheria ya hapa ni moja," akasema. "Hakuna adabu. Kitamu semeni kitamu, kibaya semeni kibaya. Mtu asinionee haya mimi, maana siku ya shughuli ulimi wa mgeni hauna haya."

Mimi nilisema. Ya karoti nilisema imezidi mafuta. Ya limau nikasema inakwaruza koo. Ya mchicha nikasema hapana, hii ni mboga imepotea njia. Bi Zuhura anacheka, anaandika kwenye kikaratasi chake. Akikugeukia wewe, "Na bwana?" Wewe: "Nzuri." Ya karoti, nzuri. Ya limau, nzuri. Ya mchicha, "nayo nzuri, ina ladha yake." Ulipofika kwenye ile ya pilipili kichaa, nami najua wewe pilipili huigusi hata kwenye kachumbari, ukaitia mdomoni yote. Macho yakajaa machozi, pua ikaanza kutiririka, skafu yangu ukaigeuza kitambaa. Bi Zuhura akauliza, "Vipi, mwanangu?" Ukajibu, sauti imekauka, "Safi sana, Bi mkubwa."

Nilikucheka hadi nikaegemea ukuta. Nilidhani ni upole. Jamani, wanawake tunajidanganya! Niliwaambia hata wenzangu, mchumba wangu hana makuu, ni mtu wa amani. Kumbe nilikuwa namtazama mtu anayemeza moto na kusema safi, na sikujiuliza siku moto ukinigeukia mimi atasema nini.

Halafu Bi Zuhura akaingia ndani kuangalia oveni, na wewe ukasogeza kiti. Tulikuwa tumefika kwenye keki za wakwe, zile ambazo mimi ningezibeba mwenyewe kwa magoti mbele ya ukumbi mzima, nimlishe mama yako na shangazi yako aliyekaa kiti cha marehemu baba yako. Nikasema tuchukue za ndizi, ndizo tamu kuliko zote. Ukanishika mkono.

"Mama hali sukari siku hizi," ukaniambia. "Ana kisukari. Miezi minne sasa. Ninayejua ni mimi peke yangu, hata shangazi hajui. Hataki watu wajue, anasema wataanza kumhesabia siku."

Ulisema pole pole, unavingirisha vingirisha kile kikaratasi cha chini ya keki, na sauti yako ikakatika kidogo ulipotaja neno "siku." Nikuambie ukweli, sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda dakika ile. Nilijiona nimekwisha kuwa mtu wa nyumbani kwenu. Nimekabidhiwa siri ambayo hata shangazi hana.

Na wazo likaja pale pale, la kwangu mimi, silikatai. Nikasema, mpango ni huu: sinia la wakwe liwe lote la chumvi. Si kapkeki moja ya mama peke yake, maana shangazi ataona na ataanza kuuliza kwa nini wifi yake kapewa tofauti. Ziwe zote kumi na mbili za jibini na kitunguu, juu zipakwe jibini laini jeupe, zisipambwe na jani lolote, zifanane kabisa na za sukari watakazokula wageni. Mama yako atakula kama watu wote, hatafunga mdomo, hatameza sukari kwa heshima halafu alale anaumwa, na hakuna atakayejua lolote. Bi Zuhura aliporudi nikamwambia tu mgeni wangu mmoja hapendi sukari. Mtu mzima yule, hakuuliza mara mbili. Akasema atapunguza unga wa ngano achanganye na wa ulezi.

Kazi yako wewe ilikuwa moja. Moja tu! Umwambie mama yako na shangazi yako mapema kwamba safari hii keki za wakwe zina chumvi, ndiyo mtindo mpya wa mjini, wasishtuke. Mimi nisingeweza. Unajua kwetu na kwenu pia, mkwe mtarajiwa hampigii mama mkwe simu kumuulizia ugonjwa ambao hajaambiwa na mwenyewe, wala hajitii kumpangia atakachokula. Hayo yanapita kwa kijana wao. Nikakuuliza Jumapili, umewaambia? Ukasema bado, leo walikuwa kanisani. Nikakuuliza Jumatano. Ukasema, "Nimeshawaambia. Mama amefurahi kweli, anakushukuru."

Anakushukuru! Ulikwenda mbali ukanitungia na shukrani.

Nimerudi kwenye ile siku mara nyingi kuliko ninavyopenda. Ukumbi wa parokia, maua, vitambaa vya kijani na dhahabu, ndugu zako wameshuka kwenye kosta mbili kutoka Mbeya wamevaa sare. Mshereheshaji ananipa sifa ambazo hata mimi sizijui. Muziki ukapigwa, nikabeba sinia, nikacheza pole pole mpaka mbele ya meza yenu, nikapiga magoti. Nikamlisha mama yako. Akauma. Taya zikasimama. Akanitazama, macho yake siwezi kukueleza yalivyokuwa, halafu akatafuna taratibu akameza. Mimi nikafikiri ndiyo hiyo furaha uliyonieleza. Nikasogea kwa shangazi yako.

Shangazi yako aliuma nusu nzima, maana yeye hafanyi mambo kidogo. Akatoa macho. Akaitema kwenye tishu, mshereheshaji yuko pembeni na kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia: "Wee! Keki gani hii? Ina chumvi! Ina vitunguu! Binti hajui sukari na chumvi, au ndiyo anatuambia tusirudi tena?"

Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikageuka minong'ono. Wa upande wenu wakaanza kuinuka kwenye viti kuangalia. Mama yangu alikaa kama aliyemwagiwa maji. Na mimi bado nimepiga magoti, sinia mikononi, zimebaki kapkeki kumi. Nikakutazama wewe. Uliketi hatua nne kutoka pale, suti ya bluu, ua kifuani. Nilihitaji sentensi moja tu kutoka kwako. "Shangazi, tulipanga hivyo, ni mtindo." Basi. Usingetaja ugonjwa wa mtu. Ungesema hata kwa kutania, watu wangecheka vizuri, shangazi angeomba maji na shughuli ingeendelea.

Ukaangalia viatu vyako.

Mimi ningeweza kusema. Ulimi ninao, unaujua. Lakini ningesema nini? Nikisema tulipanga, watauliza kwa nini. Nami nilikuwa nimebeba siri ya mama yako pamoja na lile sinia, sikutaka vyote viwili vianguke siku moja. Nikainuka, nikasema, "Tusameheane, shangazi," nikarudi kwenye kiti changu. Picha za siku ile ninazo, kuanzia pale natazama pembeni kwenye zote.

Hata hilo nilikusamehe, ujue. Nikajiambia kashtuka, watu walikuwa wengi, si kila mtu ana ujasiri wa ukumbini. Nilikutetea mpaka dada yangu akaniuliza kama nimerogwa.

Lakini wiki iliyofuata mlikuja nyumbani. Mshenga, baba zako wadogo wawili, na wewe. Mkakaa sebuleni kwa baba yangu, na mimi nikawa kwenye korido na chupa ya chai, nasubiri niitwe. Mshenga akaongea kwa mzunguko mrefu kama kawaida yao, mara mvua, mara barabara, mwisho akasema familia imeumia, imelishwa chumvi mbele ya watu, wanataka kujua ilikuwa na maana gani. Baba yangu akasema hata yeye angependa kujua. Akakugeukia wewe kwa heshima kabisa: "Kijana wangu, mlikwenda pamoja kuchagua. Tuambie."

Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, sasa hapa hakuna ukumbi, hakuna kipaza sauti, hakuna shangazi. Ni wanaume watano na vikombe. Atasema.

Ukakohoa. Ukasema, "Mimi nilichagua za ndizi, mzee. Za chumvi alizitaka yeye."

Khaa! Za ndizi nilizichagua mimi! Wewe hukuchagua kitu siku ile, ulisema zote nzuri! Mara ya kwanza maishani unatamka kwa kinywa chako kwamba ulichagua, na ni uongo, na unanizamisha mimi. Niliingia na chupa ya chai, nikaiweka mezani, nikavua pete nikaiweka kwenye sinia la vikombe. Mshenga akasema, "Binti, usifanye haraka." Nikamjibu kwamba sina haraka yoyote, nimesikia vizuri tu. Baba akaniuliza mbele yenu, "Wewe una la kusema?" Nikasema sina. Hata pale, unanisikia? Hata pale sikutoa siri ya mama yako. Ukanitazama ukijua ninachokificha na kwa ajili ya nani, ukainuka ukaaga watu wote kwa mkono.

Ndoa ikaahirishwa, halafu ikafa yenyewe. Wewe ukapata kazi machimboni Makongolosi, fundi wa mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, na mtandao ukawa unakukatikia kila nikipiga. Mimi nilibaki Iringa na jina jipya. Bibi Chumvi. Hata dukani kwangu halikuniacha! Nauza pembejeo, watu wananijua mpaka vijijini, na mteja anaingia, anashika mfuko wa mbolea, anauliza, "Dada, hii ni mbolea kweli au ndiyo mambo yako yale?" Wenzake wanacheka. Nami nacheka, nifanyeje, mteja ni mteja. Jioni nikifunga duka nakaa kwenye kigoda nyuma ya mifuko ya mbegu mpaka kifua kishuke ndipo niende nyumbani. Mama yangu hajawahi kuniuliza tena kuhusu keki ile. Anadhani kweli nilikosea. Miaka miwili mama yangu mzazi anadhani mwanawe hajui sukari na chumvi, au ana kiburi, na mimi nimenyamaza kwa ajili ya mama yako wewe.

Sasa wiki iliyopita Alhamisi, saa tisa mchana, Bi Zuhura akanipigia. "Acha unachofanya, uje. Una mgeni hapa." Nikamwachia jirani duka. Nikaenda, na kwenye ile meza ya pembeni ameketi mama yako.

Amepungua. Kitenge kinamzunguka mara mbili. Alipanda basi alfajiri kutoka Mbeya, akashukia Ipogolo, akapanda bajaji mpaka juu mjini, akauliza watu iko wapi bekari ya keki za chumvi. Kando ya kiti ameweka kiroba cha mchele alichonunua dirishani basi liliposimama Chimala kwa sababu haji nyumba ya mtu mikono mitupu. Mezani ana kapkeki mbili za jibini na kitunguu, moja imeliwa nusu.

Nikapiga goti kumsalimu, akaninyanyua. Akasema, "Kaa. Leo nimekuja kula vizuri. Siku ile nilimeza bila kuonja."

Nikakaa. Sikujua nianze na "shikamoo" nyingine au na kulia.

"Nilijua," akasema. "Nilipouma tu, nikaikuta chumvi, nikajua. Huyu mtoto anajua ninachoumwa, na amenipikia. Nikatamani nikukumbatie pale pale. Halafu wifi yangu akapaza sauti."

"Kwani hukuwa umeambiwa, mama?"

"Niambiwe na nani?"

Ndipo nilipojua. Hukuwaambia. Wala hukujaribu. Ile "amefurahi kweli, anakushukuru" ulikuwa umeitoa kichwani ili nisikuulize tena. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Bi Zuhura, ambaye alijifanya anafuta kioo cha kabati, akasema peke yake, "Mtume!"

Mama yako akaendelea. Akaniambia ukumbini pale wewe ulitaka kuinuka. Uliinuka kidogo kwenye kiti, akakukazia macho ukakaa. Aliogopa ukifungua mdomo utaendelea mpaka kwenye ugonjwa. "Kosa la ukumbini ni langu," akasema. "Nilikuacha umepiga magoti peke yako, mwanangu, kwa ajili ya kuficha ugonjwa wangu. Sijalala vizuri tangu siku ile."

Nilimwambia nimemsamehe, na ni kweli. Na hapo na wewe nikakusamehe la ukumbini kwa mara ya pili. Lakini nikamuuliza, na la sebuleni kwa baba je? Alisema la sebuleni hakulijua, mliporudi mlimwambia binti mwenyewe amevua pete kwa hasira. Nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza, akafunga macho, akasema kwa Kinyakyusa kitu ambacho sikukielewa na hakunitafsiria.

Halafu akanieleza kilichomleta. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha ukoo wenu, alisimama mwenyewe akasema ana kisukari, na kwamba yule binti wa Iringa waliyemcheka ndiye mtu pekee aliyefikiria atakula nini. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akanambia, "na mimi kabla ya kifo nilimuumbua mtoto wa watu." Shangazi yako, kumbe, alilia. Alituma salamu na kitenge. Nimekipokea, ni kizuri, nitakishona.

Nililia pale kwenye bekari, sikufichi. Miaka miwili, mtu wa kwanza kusema kwa sauti kwamba sikukosea, na ni mwanamke mgonjwa aliyesafiri siku nzima. Bi Zuhura akatuletea chai isiyo na sukari, yeye mwenyewe akakaa, tukala wote watatu. Kapkeki ile ni tamu, unajua? Siku zote hizi sikuwa nimeigusa tena. Kitunguu kimekaangwa mpaka kikawa laini, jibini linavutika, na ule ulezi unakuja mwishoni. Mama yako alikula mbili na nusu. Akasema kama angeambiwa mapema angekula sinia lote na shangazi angekosa.

Ndipo akafuta mikono, akaniomba. "Mwanangu bado anakutaka. Rudi."

Nikamuuliza swali moja. "Amekutuma?"

Mama yako hajui kudanganya, sijui wewe ulijifunzia wapi. Aliangalia kikombe, akasema, "Nilimwambia twende wote. Akasema, mama nenda wewe, mimi nikienda atanifukuza."

Bi Zuhura akanigusa bega. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimechoka tu. Mama ana kisukari, miguu inavimba akikaa sana, umempandisha basi alfajiri akusemee. Shangazi kasema, mshenga kasema, baba wadogo wamesema, mama kasema. Ukoo wenu mzima umekwisha kuniambia neno kasoro wewe.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa upole, nikamshika mikono, nikamwambia yeye nyumba yangu ni yake, akija kliniki au akija kutembea asilale kwingine. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," akanibariki. Alilala kwangu siku mbili. Alikwenda kwa mama yangu mzazi akaketi naye jikoni, akamweleza yote mwenyewe. Mama yangu alikuja dukani jioni ile bila kuvaa viatu vizuri, akanikumbatia mbele ya wateja. Jumamosi nikamsindikiza mama yako mpaka Ipogolo, amebeba kapkeki sita kwenye boksi.

Sasa nikujibu wewe, maana ulimtuma mtu apate jibu.

Ni kweli, ungekuja ningekufukuza. Ulikuwa sahihi kabisa. Ningekutukana hadi wateja wangu wakimbie, ningekutupia hata kipimio cha mbegu. Na kabla hujavuka barabara ningekuita urudi. Miaka miwili nilikuwa nakusubiri uje nikufukuze, na wewe ulishindwa hata hilo.

Njia iko wazi na mabasi yapo, siku moja unaweza kutokea mlangoni pangu. Usiogope tena. Sitakufukuza. Nitakukaribisha kama ninavyomkaribisha mteja yeyote, nikuulize shamba lako ni ekari ngapi, na unataka mbegu gani.

Ubaki na amani huko uliko,

Mimi, mkwe wa mama yako.